Maksai Niliyemla Bila Kumwonja

14 Oktoba

Mimi Kebonang Sethibe nina miaka sabini na tisa. Nimewazika machifu wawili, kaka zangu wanne, na madume watatu wa ng'ombe ambao hakuna zizi upande huu wa Palapye lililopata mfano wao. Nimeuona ukame uliowafanya watu wachemshe ngozi za viti. Nimefanya kazi miaka kumi na tisa chini ya ardhi kule Johannesburg. Jiwe liliporomoka likaua watu sita kulia kwangu na wawili kushoto, mimi nikatoka nikaomba chai. Huko huko mgodini ndiko nilikojifunza kuandika, baada ya zamu, kwa hiyo asije mtu akasema nimeandikiwa.

Leo nimeshindwa na kidole gumba cha mguu.

Nesi Gofaone wa zahanati amekitazama, amepima presha, amenitoa damu. Anasema ni jongo, na figo zangu zimechoka, na kinachozichosha ni nyama. Nikamwambia, mjukuu wangu, nyama nimeila tangu meno ya kwanza. Akasema, ndiyo Mzee, na sasa umebakiwa na mangapi? Ana mdomo, huyu. Kanipa daftari hili niandike kila ninachokula mpaka mwezi wa tatu. Nyama basi. Nile mboga na ugali wa mtama, ninywe maji. Nikikaidi, Pasaka itanikuta kwenye mashine ya kusafisha damu, au chini ya udongo.

Udongo siuogopi. Kule kambi ya ng'ombe nina maksai, Phatshwa, mweusi mwenye baka jeupe kama blanketi lililotupwa mgongoni. Huyo nimemtenga kwa mazishi yangu na kijiji kizima kinajua. Nyama yake itapondwa siku nikizikwa, na ngozi yake nitavikwa mimi, kama alivyovikwa baba yangu. Mtu anayezikwa kwa kuku hakuishi, alipita tu.

Nimekula: mguu wa ng'ombe. Ulikuwa umeshapikwa.

15 Oktoba

Nimemwambia Mma-Moagi, mke wangu, kwamba nesi hajui bei ya maneno yake. Ng'ombe wangu anakula majani ya Mungu na anakunywa kisima nilichochimba kwa mikono yangu. Nyama hainigharimu kitu. Kabichi moja kule Palapye ina bei ya chumvi ya mwaka, na ukiila, baada ya saa moja tumbo linauliza, kulikuwa na chakula?

Akasema, "Na figo zina bei gani, Rra-Moagi?"

Nikamwambia achume basi majani ya porini, morogo, ni bure. Akanyoosha kidole nje. Nje ni vumbi. Bila mvua hakuna morogo, na tuliokausha mwaka jana uliisha mwezi wa sita.

17 Oktoba

Moagi amepiga simu. Ndiye mwanangu wa pekee, mimi na mama yake tunaitwa kwa jina lake, ana kazi ya ofisini Gaborone, tai shingoni. Amesema nisihangaike, kila Ijumaa atanitumia boksi la mboga kwenye gari la abiria. Nimetembelea fimbo mpaka kgotla, barazani kwetu, nikawaambia wazee: nyinyi wanenu wanawatumia salamu.

20 Oktoba

Boksi. Kabichi, karoti, spinachi, bitiruti, samaki wa kopo. Karatasi ya duka ilikuwemo, Pula mia nne na zaidi. Nimewaonyesha wote.

21 Oktoba

Kabichi.

22 Oktoba

Kabichi. Hakuna mvua.

26 Oktoba

Mogorosi amekuja kunijulia hali. Mimi na yeye tuliingia jandoni mwaka mmoja, ni wa rika langu, na ng'ombe wangu saba, Phatshwa akiwamo, wako kwake kambini kwa mafisa: yeye anachunga na kukamua, maziwa yake, ng'ombe wangu. Miaka thelathini na moja hatujagombana. Ng'ombe wangu akifa, huniletea nyama na ngozi, nione chapa yangu na masikio niliyoyakata, nijue ni yeye na si hadithi. Ndivyo inavyotakiwa.

Tulikaa kgotla na wengine. Wakaanza kunitania. Mmoja akasema Kebonang akipita sasa mbuzi wanamfuata wakidhani ni malisho. Nikasimama. Nikasema mimi nikiamua jambo nimeamua, na mbele yao wote nikamwambia Mogorosi: kuanzia leo, ng'ombe wangu akifa, usiniletee. Sitaki kuona mfupa, sitaki hata harufu. Mwanamume ni hivyo.

27 Oktoba

Boksi.

3 Novemba

Boksi. Kidole kimepungua. Simwambii nesi, atajiona.

11 Novemba

Moagi amekuja mwenyewe siku mbili. Amekonda. Nikamwambia ofisi inakula watu kuliko mgodi. Akacheka kidogo. Alikuwa na karatasi mbili za kutia saini, za zahanati, alisema, za dawa zangu. Miwani ilikuwa chumbani. Wazee wengine hapa wanabonyeza kidole kwenye wino kama watoto wanaochezea matope. Mimi nimeandika jina lote, Kebonang Sethibe, mara mbili, na kistari chini.

Mama yake alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha kuwa safi.

12 Novemba

Karoti na ugali. Mawingu yalikuja, yakatuangalia, yakaenda.

24 Novemba

Mogorosi ametuma neno kwamba mtamba wangu mwekundu amekufa, kiu. Ngozi hakuleta. Nilisema mwenyewe.

1 Desemba

Boksi. Kabichi imepanda bei, mpaka umefungwa kwa mboga za ng'ambo na mashamba ya hapa yamekauka. Lakini boksi la Moagi halipungui. Nimesema hivyo kgotla. Nimesema: mnamwona?

2 Desemba. Kabichi.

3 Desemba. Kabichi.

4 Desemba. Spinachi. Hakuna mvua. Ng'ombe wa jirani amelala barabarani na hakuamka.

25 Desemba

Kijiji chote kinanuka nyama. Nimekula bitiruti, nikakojoa wekundu, nikamwita Mma-Moagi nikamwambia figo zimepasuka. Amecheka mpaka akakaa chini. Moagi hakuja, ati kazi nyingi. Ofisi gani inafanya kazi Krismasi?

9 Januari

Zahanati. Presha imeshuka. Figo zimesimama hapo hapo, hazijaendelea kuharibika. Nesi Gofaone amesoma daftari mpaka ukurasa huu na akasema naandika kama ninavyosema. Nikamwambia na wewe unadunga kama unavyosema. Kasema nisiache mboga hata wiki moja, sasa ndipo mwili unageuka.

Mma-Moagi alimuuliza mara mbili: hata wiki moja? Kasema hata moja.

19 Januari

Boksi, nusu.

26 Januari

Boksi halikuja. Mma-Moagi ametoka asubuhi akarudi jua linazama, miguu ina vumbi mpaka magotini. Nikamuuliza. Kasema alikwenda kambini kuonana na Mogorosi kuhusu maziwa. Mwendo wa saa nne kwenda na wa saa nne kurudi kwa ajili ya maziwa? Tena hakurudi na maziwa.

27 Januari

Boksi. Limejaa pomoni. Hata tufaha zimo.

1 Februari

Sebego alikufa wiki iliyopita, yule aliyekuwa mwalimu mkuu. Hatukupendana. Alikuwa akisahihisha watu wanapoomba dua. Mazishi Jumamosi. Wanawe wamenitumia mtu: nyama iwe mkononi mwangu. Wilaya nzima inajua kwamba nyama ya kupondwa, seswaa, ni mimi. Vijana wa leo wanaponda mpaka inakuwa uji. Mimi naiacha na nyuzi, inasimama kwenye sahani.

Nimemwambia Mma-Moagi nitakwenda, nitapika, sitaonja. Kasema nisiende, mguu. Mguu haujauma wiki tatu. Kasema basi jua. Nikamwambia jua lilikuwapo kabla yako. Akashika mlango kama anataka kusema jambo, halafu akaniletea kofia.

3 Februari

Naandika haya mchana na sijui nianzie wapi.

Nilifika kwa Sebego alfajiri. Vijana walikuwa wamechemsha, masufuria matatu ya miguu mitatu, nyama imeiva mpaka mifupa inateleza. Nikachukua mchi. Nikaponda la kwanza, nikaponda la pili. Ilikuwa nyama nzuri. Mwaka kama huu, ng'ombe wote mbavu nje, hii ilikuwa na mafuta ya manjano pembeni. Nikawaambia vijana, huyu alitunzwa na mtu. Kijana mmoja akasema, Rra-Moagi onja chumvi. Nikasema chumvi naijua kwa pua. Wakacheka, na nilipenda walivyocheka.

Kukapambazuka. Wakaenda makaburini, mimi nikabaki na masufuria. Jua likapanda juu ya uzio. Na juu ya uzio kulikuwa na ngozi.

Nyeusi. Baka jeupe mgongoni.

Nilidhani wako wawili duniani. Nikaenda. Nikageuza paja nikaona chapa, na chapa ni yangu. Nikatafuta masikio: la kulia limekatwa ncha, la kushoto lina pengo kwa chini. Kisu kilikuwa changu, miaka tisa iliyopita, na yeye ndama alinipiga teke hapa kifuani.

Nilikuwa nimeshika mchi bado. Ulikuwa na nyama yake.

Watu wakarudi kutoka makaburini, wakanawa mikono, wakala. Wakaja mmoja mmoja kunisifu. Mjane wa Sebego alisema mumewe amepewa heshima kubwa. Nikamwambia ndiyo, kubwa.

Mogorosi alikuwa amekaa na wa rika letu, sahani magotini. Nikasimama mbele yake.

"Ngozi ile ya nani?"

Akaacha kutafuna. Akaweka sahani chini, taratibu, kama ina maji. "Yako."

"Na nyama hii?"

"Hii ya kwao. Walinunua. Karatasi ipo, saini yako ipo."

"Na pesa alipewa nani, Mogorosi?"

Wote walikuwa wanasikiliza. Akasema, "Wa rika langu, nenda nyumbani ukamuulize mkeo ulichokula wiki hii."

Nilitembea. Fimbo niliiacha kwa Sebego na sijaifuata.

Mma-Moagi alikuwa amekaa uani, kitambaa kichwani, kama mtu anayengoja gari. Hakunipa nafasi ya kuuliza. Moagi hana kazi tangu mwezi wa saba, aliniambia. Ofisi ilipunguza watu. Maboksi ya kwanza alilipa kwa akiba yake na yaliyofuata alikopa. Kisha akamwambia mama yake hawezi tena, na mama yake akamwambia baba yako ameshatangaza kgotla. Kwa hiyo zile karatasi mbili nilizotia saini zilikuwa za kuuza ng'ombe. Mtamba mwekundu hakufa kwa kiu, aliuzwa, na alikuwa mwembamba, pesa yake haikuvuka Januari. Majike waliobaki wana mimba. Aliyebaki wa kuuza alikuwa mmoja.

Nikamwambia, mimi ninaye mke niliyeishi naye miaka hamsini na mbili, na rafiki wa jandoni, na mwana mmoja, na nyote watatu mmekaa mkapanga.

"Tumekaa," akasema.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza uchague, maksai au wewe. Ungesemaje?"

"Maksai."

"Ndiyo maana sikukuuliza."

Nimekula: sijala.

4 Februari

Sijala.

5 Februari

Moagi amekuja. Amepiga magoti mlangoni bila tai. Amesema alitaka kuniambia kila Ijumaa, lakini kila Ijumaa nilikuwa nimeshamsifu. Nikamwambia hata uongo wake kautengeneza kwa maneno yangu. Nikamuuliza kama na yeye alikula katika pesa ya mtamba. Akasema ndiyo, alikula.

Hilo ndilo jibu pekee la kweli nililopewa bila kulifuata kwa miguu. Nikamwambia asimame, magoti ni ya kanisani. Lakini mkono sikumpa.

6 Februari

Mvua.

Ilianza saa saba mchana na haijaacha. Mabati yanapiga kelele mpaka sisi watatu ndani hatuwezi kusemezana.

Ng'ombe wangu kachinjwa Ijumaa. Mvua imekuja Jumanne.

7 Februari

Mvua.

8 Februari

Mvua. Nimekula ugali. Mkavu.

16 Februari

Morogo umeota. Umeota mpaka kwenye nyayo za punda. Mma-Moagi amechuma kikapu kizima pale pale nyuma ya choo, amepika, ameweka mbele yangu. Bure. Nilikitazama chakula kile mpaka kikapoa. Wiki mbili tu, na maksai wangu angekuwa bado anatembea.

Nikala. Ni mtamu kuliko kabichi, na hilo halinifurahishi.

23 Februari

Nimempeleka Mogorosi kgotla. Mma-Moagi alisema nitajiaibisha. Nikamwambia hiyo kazi mmeshanifanyia.

Mkuu wa baraza letu ni Rra-Sekgwa, mdogo kwangu kwa miaka kumi na mitano. Nilisimama nikaeleza vizuri, sauti yangu bado inafika mpaka barabarani. Nikasema nimeibiwa. Mogorosi hakukana. Alivua kofia akasema mtamba aliuzwa, maksai aliuzwa, pesa yote aliiweka mkononi mwa mke wa mwenye ng'ombe na hakubaki na thebe moja.

Rra-Sekgwa akaniuliza, "Mzee Sethibe, ng'ombe hawa nani kawala?"

Nikasema maksai kaliwa kwenye mazishi ya Sebego, mmekula hata nyinyi.

"Pesa yake, nani kaila?"

Nikaitazama kofia ya Mogorosi.

"Mzee. Ulikula nini msimu huu?"

Nikasema kabichi. Hapo wakacheka, hata wanawake waliokaa nyuma. Nikasema tena, kwa nguvu, kabichi, na karoti, na tufaha ambazo sikuziomba. Wakacheka zaidi. Mimi niliyewapondea nyama miaka arobaini.

Mogorosi peke yake hakucheka. Rra-Sekgwa akamuuliza kwa nini hakuleta ngozi, maana mchungaji wa mafisa asiyeonyesha ngozi ni mwizi hata akiwa malaika. Mogorosi akasema, "Alikataa mwenyewe, hapa, mbele yenu. Alisema hataki hata harufu. Nilijua anajivuna. Ningeweza kuja hata hivyo. Sikuja, kwa sababu maneno yake yalinifaa."

Hukumu: wizi haupo, kwa kuwa faida imeingia tumboni mwa mwenye mali. Kosa lipo, la ngozi na la kutouliza. Mogorosi atoe maksai wake mmoja badala ya Phatshwa.

Ana wawili tu, na wote wanavuta jembe. Mvua imenyesha, udongo umelainika, kila mtu yuko shambani akiwahi, na jembe halivutwi na maksai mmoja. Watu walinitazama nimsamehe. Nilijua wanangoja hilo, mzee mwenye moyo, tupeane mikono, waende wakalime.

Nikasema nitamchukua wiki hii.

28 Februari

Nimemchukua. Mwekundu, pembe moja chini. Hana kitu cha Phatshwa. Mogorosi alikuwa amemfunga kamba tayari langoni, na amemsugua mgongo. Mkewe alisimama na jembe limeegemezwa ukutani. Hakuna aliyenisalimu, na sikusalimu.

Mafisa nimevunja. Majike wangu wanne na ndama mmoja nitawatafutia mtu. Nimeuliza kwa watatu. Wote wamesema watafikiria.

4 Machi

Morogo.

5 Machi

Morogo. Shamba la Mogorosi bado halijaguswa. Linaonekana kutoka hapa kwangu.

9 Machi

Morogo. Mtu wa kuchunga sijapata. Moagi ndiye amekwenda kambini, na viatu vyake vya ofisini.

14 Machi

Zahanati. Nesi Gofaone amepima kila kitu, akapima tena. Presha ya kijana. Ugonjwa wa figo umerudi nyuma hatua mbili, hajaona mzee kufanya hivyo. Jongo hakuna. Akasema nikiendelea hivi, Mzee, miaka kumi.

Nikamuuliza maksai anaishi miaka mingapi. Akasema hajui mambo ya ng'ombe. Mimi najua. Huyu mwekundu ana minane na amechoka kwa jembe. Atakufa kabla yangu, naye. Nitanunua mwingine kwa pesa ya nani?

Akachukua daftari kulisoma. Mwanzoni alicheka. Alipofika Februari aliacha, akasoma mpaka mwisho, akafunga, akasema angetaka kulihifadhi. Nikamwambia halihifadhiwi, bado nina ukurasa.

Kwa ukurasa huo naandika kwamba haya yote yalitokea kama nilivyosema. Mwenye shaka amuulize Nesi Gofaone kuhusu damu yangu, ameiandika kwenye kadi. Amuulize Rra-Sekgwa kuhusu hukumu, na mjane wa Sebego kama nyama ilikuwa na mafuta. Moagi aulizwe, sasa anajibu. Mogorosi aulizwe pia, hatanisingizia, na mimi sitasikia jibu lake kwa kuwa hatuongei.

Mma-Moagi msimuulize. Yeye atawaonyesha kwamba niko hai, na ataona amemaliza.